Papa Wanasingiziwa: Kinachoua Kwenye Bahari ya Baridi

Kuogelea katika bahari ya baridi kumekuwa gumzo. Mitandaoni haipiti siku bila kukutana na video ya mtu anayejitosa kwenye maji ya nyuzi kumi na kidogo, huku sili, mamalia wa baharini, akimfuata nyuma na kumnusanusa vidole vya miguu. Chini ya video hizo maoni hugawanyika pande mbili. Kuna wanaouliza papa wako wapi, na kuna wanaoisifu baridi kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Wanaouliza maji yenyewe yanaufanya nini mwili ni wachache mno, na hilo ndilo swali ambalo jibu lake huokoa maisha.

Nianze na hesabu. Kumbukumbu za kimataifa za mashambulizi ya papa zinazotunzwa na Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, zinaonyesha kwamba papa huua kwa wastani watu wapatao sita kwa mwaka duniani kote, ukiondoa matukio ambayo binadamu ndiye aliyemchokoza mnyama. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Idadi hiyo ya pili inajumuisha mito, maziwa na visima, kwa hiyo si haki kuzilinganisha moja kwa moja. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba hofu yetu tumeielekeza kusiko.

Maji baridi ni yapi?

Katika makala haya, maji baridi ni yale yaliyo chini ya nyuzi 15 za Selsiasi. Ndivyo yalivyo maji ya pwani ya kati na kaskazini ya California kwa sehemu kubwa ya mwaka, maji ya upande wa Atlantiki wa Cape Town, na maji ya Uingereza na Ireland kwa miezi mingi.

Asiyeyajua maji hayo atauliza: nyuzi 14 si ni hali ya hewa ya kuvaa sweta tu? Kwenye hewa, ndiyo. Lakini maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa yenye kiwango hichohicho. Gusa geti la chuma na mlango wa mbao asubuhi ya ubaridi: vyote viwili vina joto sawa, ila chuma ndicho kinachouma mkono, kwa sababu kinalivuta joto la kiganja upesi. Aliyezama hadi shingoni amezungukwa na chuma hicho pande zote.

Madhara yake hayaji kwa mkupuo. Huja kwa awamu tatu, na kuzichanganya ndiko kunakozaa dhana potofu nyingi. Ya kwanza ni mshtuko wa baridi, unaoanza pale tu ngozi inapopoa ghafla. Ya pili ni viungo kuishiwa nguvu, mikono na miguu inapopoa kiasi cha kushindwa kuogelea. Ya tatu ni haipothemia, yaani joto la ndani ya mwili, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 37 hivi, kushuka chini ya 35. Watu wengi wanaijua hii ya tatu tu, ilhali wanaokufa mara nyingi hufa katika zile mbili za mwanzo.

Dakika ya kwanza

Ngozi ikipoa ghafla, mwili huvuta pumzi moja kubwa bila kukuomba ruhusa. Baada ya hapo unahema harakaharaka, mapigo ya moyo yanapanda na mishipa ya damu ya ngozini inajibana, hivyo shinikizo la damu nalo linapanda. Hakuna ushujaa unaoizuia pumzi ile ya kwanza. Inakadiriwa kuwa inaweza kuvuta lita 2 hadi 3, wakati kiasi cha maji ya chumvi kinachotosha kumuua mtu mzima kikiingia mapafuni ni lita moja na nusu hivi. Kwa hiyo anayeruka kichwa-kichwa kutoka kwenye mwamba, au anayepigwa na wimbi usoni wakati huohuo, anaweza kumaliza kila kitu kwa pumzi moja, hata kama ni muogeleaji hodari na ufuo uko hatua kumi tu kutoka alipo.

Habari njema ni kwamba mshtuko huu una mwisho. Hufikia kilele ndani ya dakika ya kwanza, kisha hutulia ndani ya dakika mbili au tatu. Ndiyo maana shirika la waokoaji wa baharini la Uingereza na Ireland, RNLI, huwafundisha watu jambo ambalo mtu aliyeshikwa na hofu asingelifikiria: usihangaike kuogelea. Laza kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, elea chali, tikisa mikono polepole ikibidi, na usubiri pumzi irudi. Ikisharudi, ndipo uamue kama utaogelea au utaita msaada.

Kwa aliyeingia majini kwa hiari yake, kinga ni rahisi zaidi: ingia kwa kutembea. Maji yafike magotini, kiunoni, jirushie mengine usoni na shingoni, toa pumzi ndefu, shuka tena kidogo. Usizamishe kichwa mpaka uweze kutamka sentensi nzima bila kukatika. Kipimo hiki cha sentensi nakiamini kuliko saa, kwa sababu kinaupima mwili wako wewe, siku hiyo.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia kuzamisha uso, na hii inauhusu moyo. Baridi ya ngozini inauamrisha moyo ukimbie. Uso unapozama huku pumzi imezuiwa, mwili hutoa amri iliyo kinyume, ya kuutaka moyo upunguze mwendo, kama inavyotokea kwa sili na nyangumi wanapopiga mbizi. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza Mike Shattock na Michael Tipton walieleza namna amri hizi mbili zinavyoweza kugongana na kuyavuruga mapigo ya moyo. Kwa kijana mwenye afya, mvurugiko huo mara nyingi hupita bila yeye kujua. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la juu la damu unaweza kuwa mwisho wake, na huyo anapaswa kumwona daktari kabla ya kufikiria bahari ya baridi.

Je, mwili unaweza kuzoea? Kwa sehemu, ndiyo. Kuingia majini mara tano au sita, dakika chache kila mara, kunatosha kuupunguza sana mshtuko wa baridi, na mazoea hayo yanaweza kudumu kwa miezi. Lakini hapa ndipo penye mtego. Kinachozoea ni mshtuko. Misuli yako itaendelea kupoa, na joto la ndani litaendelea kushuka. Anayesema “mimi nimeshaizoea baridi” mara nyingi ameacha tu kuisikia, na asiyeisikia hukaa majini kuliko inavyofaa.

Jua kali, maji ya barafu

Dhana nyingine inayowaponza wageni wa pwani hizi ni kwamba siku ya joto huleta maji ya joto. Kwenye pwani kadhaa mambo ni kinyume kabisa. Chukua Cape Town. Wakati wa kiangazi upepo mkali wa kusini-mashariki huvuma, na pamoja na mzunguko wa dunia husukuma maji ya juu, yaliyopashwa na jua, kuelekea bahari kuu. Nafasi yake hujazwa na maji yanayopanda kutoka kilindini, ambako jua halijafika. Matokeo yake ni kwamba siku yenye jua la kuunguza mchanga, maji ya upande wa Atlantiki yanaweza kuwa na nyuzi 10 au 12, wakati ng'ambo ya milima, kwenye ghuba ya False Bay, mtu anaogelea katika maji yenye joto zaidi kwa nyuzi kadhaa. California nako upepo wa majira ya kuchipua hufanya kazi hiyohiyo, kiasi kwamba katika sehemu za kaskazini maji ya Mei yanaweza kuwa baridi kuliko ya Januari.

Maji hayo ya kilindini hubeba virutubisho. Virutubisho hulisha mimea midogo ya baharini na misitu ya mwani mkubwa, mimea hulisha samaki, na samaki huwaleta sili, pomboo, ndege na papa. Kwa hiyo baridi ya maji na wingi wa wanyama vina chanzo kimoja, na anayetaka kuwaona wanyama hao hana budi kuikubali baridi yao. Pima maji kwa kipimajoto kabla hujaingia. Hali ya hewa ya ufuoni haikuambii kitu.

Dakika kumi, na saa moja

Ukishavuka mshtuko wa kwanza, mwili unaanza kuchagua. Damu inaondolewa kwenye ngozi, mikono na miguu ili kiini kibaki na joto. Uamuzi huo unaokoa moyo na ubongo, lakini unaigharimu mikono. Vidole huanza kutawanyika, usiweze kuvibana pamoja. Mkono unakuwa kama si wako, miguu inazama, na kila kipigo kinakusogeza kidogo kuliko kilichotangulia. Ukiona vidole vimeachana, safari imekwisha: geuka urudi, hata kama unajisikia vizuri.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mwili ndani ya maji ya barafu, akijitumbukiza mwenyewe pia, ameyafupisha haya kwa tarakimu tatu: dakika 1 ya kuirudisha pumzi, dakika 10 za viungo kutii, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa haipothemia. Tarakimu hizi ni za maji yanayokaribia kuganda, na watu hutofautiana, lakini mpangilio wake ni wa kweli. Na unaonyesha kwamba ile imani ya “utaganda ndani ya dakika mbili” si sahihi. Anayekufa ndani ya dakika mbili hajaganda. Pumzi ndiyo iliyompotea.

Machi 1984 chombo cha uvuvi kilipinduka karibu na visiwa vya Westman, Iceland. Wenzake wanne walikufa, lakini kijana Guðlaugur Friðþórsson aliogelea kwa saa tano hadi sita katika maji ya nyuzi 5 au 6, akafika nchi kavu na kutembea peku juu ya miamba ya volkano hadi penye nyumba. Wanasayansi waliomchunguza baadaye walikuta ana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi. Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi kwamba nia hushinda baridi. Mimi nakisoma tofauti: wale wenzake wanne nao walitaka kuishi.

Kwa sisi wengine, suti ya mpira husaidia mno. Inapunguza mshtuko, inachelewesha kupoa na inakuelesha. Wengi husema inapasha mwili joto kwa kuyafungia maji ndani. Si hivyo. Kinga yake iko kwenye viputo vidogo vya gesi ndani ya mpira wenyewe, ndiyo maana suti inayoingiza maji kwa wingi haifai kitu. Ongeza kofia yenye rangi kali na boya la kuvuta kiunoni ili mashua zikuone, ogelea sambamba na ufuo badala ya kuelekea bahari kuu, na usiende peke yako. Mkondo ukikushika na kukupeleka nje, usishindane nao. Ogelea kuelekea pembeni, sambamba na ufuo, mpaka utoke kwenye njia yake, kisha ndipo urudi.

Wenyeji wa maji hayo

Sasa wanyama, na nitaanza na wadogo, kwa kuwa ndio utakaokutana nao.

Yavuyavu, ambao wengine huwaita konyeza, ndio wanaosumbua waogeleaji wengi zaidi. Minyiri yao ina seli ndogo mno zinazofyatuka na kudunga sumu zikiguswa, na hazihitaji mnyama awe hai: yavuyavu aliyekufa mchangani, au kipande cha mnyiri kinachoelea chenyewe, bado kinachoma. Yule mkubwa wa bahari baridi za kaskazini, Cyanea capillata, anaweza kuwa na minyiri mirefu kupita mita 30, kwa hiyo kumwona mbali si kuwa mbali naye.

Ukichomwa, usikojolee jeraha. Ushauri huo umezagaa kila pahali na haufai. Usisugue kwa mchanga wala taulo, na usioshe kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu vyote hivyo vinaweza kuzifyatua seli zilizobaki. Ondoa vipande vya minyiri kwa kibanio au kwa mkono wenye glovu, suuza kwa maji ya bahari, halafu tumia maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 45. Siki hutegemea aina ya kiumbe, hivyo wasikilize waokoaji wa ufuo husika. Na hapa kuna jambo ambalo maelekezo mengi hayalitaji: aliyetoka kwenye bahari ya baridi ngozi yake imekufa ganzi. Hawezi kupima moto wa maji. Mtu mwingine mwenye mkono wa joto ndiye ayajaribu kwanza, la sivyo mtaponya mchomo kwa kuleta kuungua. Akipata shida ya kupumua, uso ukivimba au akizimia, hilo ni la hospitali mara moja.

Taa, wale samaki bapa wenye mwiba, hujilaza mchangani kwenye maji ya kina kifupi. Buruta nyayo unapoingia badala ya kuinua miguu, watakusikia na kuondoka. Jeraha lake pia hutulizwa kwa maji ya moto, lakini lionwe na daktari, kwa kuwa kipande cha mwiba huweza kubaki ndani.

Sili ndio wanaowaponza watu kwa uzuri wao. Macho makubwa, udadisi wa mtoto, na mwogeleaji ananyoosha mkono ashike. Sili ni mnyama mla nyama mwenye meno yanayofanana na ya mbwa. Kuumwa kwake huweza kuleta maambukizi ya vidole ambayo dawa nyingi za kawaida haziyawezi, kwa hiyo mwambie daktari wazi kwamba ni sili aliyekuuma. Na tangu mwaka 2024 kuna sababu nzito zaidi: Afrika Kusini ilithibitisha kichaa cha mbwa miongoni mwa sili wa Cape. Anayeumwa huko aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi na kwenda kupata chanjo siku hiyohiyo, bila kungoja dalili. Kusini mwa California nako, mwaka 2023 na 2025, simba-bahari wengi, ambao ni jamaa ya sili, waliugua kwa sumu inayotengenezwa na mimea midogo ya baharini. Sumu hiyo huvuruga ubongo, na mnyama aliyezoea kukwepa watu huweza kuwashambulia.

Kanuni inayonipa utulivu ni hii: mnyama ndiye achague umbali. Akija, tulia, mikono kaa nayo karibu, usimfuate anapoondoka. Usiwapite karibu sili waliolala kwenye miamba, hasa wakiwa na watoto, maana kundi zima likikurupuka kuingia majini wadogo hukanyagwa. Nchini Marekani, kuwasumbua ni kosa kisheria tangu sheria ya kulinda mamalia wa baharini ya mwaka 1972, na ushauri wa serikali ni kukaa mita 45 hivi kutoka kwao.

Na papa? Wapo, na mara nyingi wako karibu kuliko tunavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California, Long Beach, walirusha droni juu ya fukwe za kusini mwa California na mwaka 2023 wakachapisha walichokiona: katika maeneo ambako papa weupe wachanga hukusanyika, papa na watu walikuwa kwenye maji yaleyale asilimia 97 ya siku walizochunguza. Waogeleaji wengi hawakujua kitu, na papa waliendelea na shughuli zao.

Hii haina maana ya kuwapuuza. Papa mweupe mkubwa huwinda sili, kwa hiyo usiogelee kwenye makazi ya sili, penye mzoga wa nyangumi, au mahali wavuvi wanapomwaga chambo. Epuka alfajiri, machweo na maji yenye tope. Cape Town kuna kikosi kiitwacho Shark Spotters, kilichoanza mwaka 2004, ambacho watu wake hukaa mlimani na darubini wakitazama bahari. Bendera ya kijani ni kwamba wanaona vizuri na hakuna papa. Nyeusi, hawaoni vizuri. Nyekundu, tahadhari kubwa. Nyeupe yenye picha ya papa, pamoja na king'ora, ni amri ya kutoka. Watu huiogopa nyekundu na kuidharau nyeusi, ilhali nyeusi inasema walinzi wako siku hiyo hawaoni vizuri.

Kutoka majini

Wengi hudhani hatari imekwisha mguu ukigusa mchanga. Lakini kwa dakika kumi hadi thelathini, wakati mwingine zaidi, joto la ndani huendelea kushuka ukiwa nchi kavu, kwa sababu ngozi na viungo vilivyopoa bado vinavuta joto kutoka katikati ya mwili. Ndiyo maana mtu hutoka akitabasamu, kisha robo saa baadaye anatetemeka hata kikombe kimshinde kushika.

Vua nguo mbichi mara moja, jikaushe, anza kuvaa sehemu ya juu ya mwili na kofia. Kunywa kitu cha moto chenye sukari, kaa mahali pasipo na upepo. Usikimbilie bafu la maji moto: mishipa ya ngozini ikifunguka ghafla, shinikizo la damu linaweza kuanguka na ukaanguka nalo. Pombe nayo hufungua mishipa hiyohiyo, ikakudanganya kwamba umepata joto huku ikilimwaga nje. Usiendeshe gari mpaka kutetemeka kumalizike.

Atakayekuwa na wewe ufuoni ajue dalili hizi: ulimi mzito, kujikwaa, kubishana bila sababu, kushindwa kufunga zipu. Mtu akiwa baridi sana kisha akaacha kutetemeka kabla ya kupata joto, msifurahi. Mwili wake umeishiwa nguvu ya kujipasha. Mlazeni chali, msimtembeze wala kumsugua mikono na miguu, mfunikeni kwa vitu vikavu juu na chini, na pigeni simu ya dharura hapohapo.